Sanduku la Friji

Jumatano, saa nne. Jua la Oulu bado linasitasita kutoka.
Viatu vya theluji vimepangwa mlangoni, vinavuja sakafuni;
soksi ishirini na mbili zimeingia zuliani,
ishirini na moja, kumbe: Eelis moja kaipoteza njiani.

Bi Tuulikki leo hakushika kitabu.
Kaja na sanduku la friji, tupu, lenye tundu moja ubavuni.
"Humu mna nini?"
"Hewa," kasema Veera, mtoto wa fundi bomba.
"Nyangumi!" kadakia mwingine. "Nyangumi mwenye mafua!"
Basi tukapiga chafya sote,
hata yule bibi aliyefuata magazeti.

Onni hakupiga. Tangu Septemba hajatamka neno.
Hukaa kando ya kipasha joto, akikunja ncha ya skafu,
akiikunjua.

Leo kainuka. Kaingia sandukuni, kajifungia.
Tukangoja. Gari la kukwangua theluji likapita, likarudi.
Bi Tuulikki hakugonga; aliinama, akatega sikio penye tundu
kama mnunuzi anayesikiliza tikiti.

Sauti nyembamba ikatoka:
"Fungeni mlango. Mnaingiza baridi. Mama amelala."

Hakuna aliyecheka.
Wakanyata kulizunguka boksi, vidole midomoni,
mmoja mmoja wakavua skafu zao,
wakalifunika.

Kazi yangu hapa ni kurudisha vitabu rafuni
na, jioni, kupeleka maboksi jalalani.
Hili nimeliandikia namba,
nimelisimamisha kati ya hadithi na jiografia.
Haliazimwi.