Mzigo wa Kwenda Kituku

Nimebeba makaa. Nimebeba kabichi za Kibumba.
Nimebeba jeneza mara moja, usiku, bila kutaja bei.
Kichwa cha tembo, sijawahi.

Bwana Sudhir alinisimamisha Birere
mbele ya duka lake la betri na mabati.
«Chukudu hii inafika Kituku?»
Inafika. Kuteremka haijawahi kuishinda.
«Basi vua viatu.»

Mkewe, Mama Ujwala, akaziosha mbao zangu kwa maziwa,
mbao za mkaratusi zenye matope ya miaka tisa,
akatandika kitenge chekundu,
akatia nukta ya manjano kwenye usukani.
Chukudu yangu haikuwahi kupakwa kitu
ila grisi.

Wanaume wanne wakamtoa ndani:
tumbo kama la mkubwa wa forodha,
mikono minne, pembe moja imekatika,
na miguuni pake panya.
«Huyo panya ndiye gari lake,» akasema binti yao Ketaki
kwa Kiswahili cha hapahapa Birere.
Nikacheka. Kama panya anambeba tembo,
mimi na magurudumu yangu mawili tunaogopa nini?

Hawakumpaka rangi, ila macho.
Nilipomfunga kamba nikagusa udongo wake.

Mweusi. Chembe za jivu zinakwaruza dole gumba.
Naujua.
Mwezi wa tano niliwauzia magunia mawili
kutoka shambani kwangu, chini ya Nyiragongo,
kona ile ya karibu na kaburi la mama,
kabla hatujakimbia, kabla ya Kanyaruchinya
na turubai linalopigapiga usiku kucha
kama mlango uliosahau nyumba.
Nilidhani wanapanda maua.

Tukaondoka. Watu thelathini hivi, peku wote,
ngoma mbili, poda nyekundu ikiruka
hadi masikioni, hadi kwenye breki yangu ya tairi.
Mawe ya volkano hayaulizi dini ya unyayo.
Wenye pikipiki walipiga honi, wengine kwa hasira,
wengine kwa kufuata mdundo.
Mama mmoja muuza sambaza akafanya ishara ya msalaba,
kisha akatufuata na beseni lake kichwani.
Kwenye kizuizi askari akauliza:
«Na huyu, ana kibali?»
Bwana Sudhir akamtia mkononi andazi la mvuke
lenye nazi na sukari guru ndani.
Askari akatafuna. Akatafuna tena. Akainua kamba.

Tulipopita mzunguko, yule msukuma chukudu wa dhahabu
alikuwa juu palepale, hajasogea.
Nikamtazama. Wewe, mwenzangu,
lini umepewa mzigo kama huu?

Kituku, kati ya majerikani na magamba ya samaki,
wakamzungushia taa.
Wakaingia naye ziwani mpaka kifuani.
Wakamzamisha mara moja, akatoka.
Mara ya pili, akatoka bila masikio.
Mara ya tatu mikono ikatoka mitupu.
Maji yakawa meusi, yakawa kijivu,
yakawa ziwa tu.

Wakapaza sauti, Mama Ujwala akilia
kama anayemsindikiza mtoto bandarini.
«Wanamwambia nini?»
«Rudi upesi,» Ketaki akasema. «Mwaka ujao, rudi upesi.»
Nami nikapaza, kwa lugha yangu,
nimeshika kamba iliyolegea.
Sikuwa namwambia tembo.

Kisha Mama Ujwala akachota mchanga wa ufukweni,
akanigawia nusu ndani ya jani la mgomba.
«Haturudi nyumbani mikono mitupu.»
Nyumbani.
Nikasema aksanti, nikavaa viatu.

Franka elfu kumi na tano, mbili zaidi ya tulizopatana.
Kurudi ni kupanda, na kupanda ni kusukuma.
Hemani mwanangu Zawadi akafungua jani:
«Mchanga? Wa kula?»
Si wa kula.
«Wa kuuza?»
Nikauweka juu ya gunia la nguo, palipo pakavu.

Kesho kuna makaa ya Mugunga.
Ile nukta ya manjano sijaifuta.