Saa Sita

Ujumbe ulisema: Mama, ndege inaondoka saa 6:00.
Nikausoma nilivyofundishwa kusoma saa,
kwa jua.
Saa sita ni kivuli kimejikunja chini ya nyayo,
ni jembe kuegemezwa ukutani.

Nikatoka Hombolo bila pupa.
Nilichuma kwanza vichala vinne, vya upande wa bwawani,
ambavyo ndege, hawa wenye manyoya, walikuwa hawajavidonoa.
Nikavifunga kwa gazeti, juu yake mlenda mkavu,
maana huko Busan, nasikia, wanakula majani ya baharini
lakini mlenda hawaujui.

Uwanja uko katikati ya mji,
nyumba zimeuzunguka kama watu wanaotazama ugomvi.
Mlinzi akaangalia simu yangu,
akaangalia mzigo,
mimi akaniangalia mwisho.
"Mama, hiyo ni sita ya kizungu.
Imeondoka alfajiri. Saa kumi na mbili."

Nyuma yake lami ilikuwa inachemka, tupu.

Zabibu nilimwachia yeye. Mlenda nikarudi nao.

Yonazi wa jirani, yuko kidato cha tatu, alinipimia kwa simu:
Dodoma hadi Busan,
kilomita elfu kumi, mia sita na tisini hivi.
Saa kumi na mbili na nusu, ukiruka moja kwa moja.
Nikamwuliza, nani huruka moja kwa moja?
Chedego alianza na Dar,
akalala kwenye kiti cha chuma huko Doha,
akafika Seoul, akapanda tena,
siku mbili, soksi zilezile.
Simu inapima safari ya kunguru:
hana begi, hana viza,
haulizwi anakwenda kwa nani.

Mimi nina kipimo changu.
Kilomita arobaini na kitu za bodaboda, hizo si neno,
kiuno kimeshazisahau.
Ni zile saa sita,
kati ya sita yao na sita yangu.
Alfajiri ile nilikuwa nimeinama mizabibuni,
giza halijaisha vizuri,
nikasikia mngurumo mbali, upande wa mjini.
Sikuinua kichwa.
Nilisema, hao ni abiria wa watu.

Yonazi anasema Busan wametutangulia.
Kwa saa ngapi? Sita.
Nilicheka hadi akaogopa.

Jana, saa kumi na mbili ya jioni,
kuku nimeshafungia, nikampigia.
Ikaita sana.
Ikaja sauti yenye usingizi, nzito,
kama alivyokuwa akiamshwa kwenda kufukuza kwelea:
"Mama. Huku ni saa sita."
Kisha, "Za usiku."

Kivuli changu kilikuwa kimelala chini,
kimevuka ua, kimefika kwa kina Yonazi.
Nikamwambia,
basi leo nimewahi.