Milivolti Kumi

Saa nane za usiku, Miskolc, ghorofa ya tisa.
Nimeivua kompyuta ubavu wake mmoja,
feni zinanguruma chini kwa chini
kama mtu anayejisemesha jikoni.
Dirisha nimeliacha wazi kiasi cha kiganja:
baridi ya Januari haina bili,
na mimi cha bure sikatai.

Naitaka gigahezi tano.
Kiwanda kiliipa nne na nusu, kikasema, tosheka.

Volti moja nukta mbili:
skrini buluu, hata nywila sijamaliza.
Moja nukta mbili mbili:
ikaamka, ikapiga hesabu dakika nne, ikaganda,
kishale katikati, hakiendi, hakirudi.
Moja nukta mbili nne.
Dakika kumi na tisa.
Buluu.

Szilárd wa ghorofa ya nne alinipa namba yake.
Tulinunua duka moja, siku moja,
masanduku yakifanana hadi mikunjo.
Kwake inatosha moja nukta mbili tatu,
anaitaja kama baba anayetaja alama za mwanawe.
Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako,
wala volti ya kuazima haisitiri prosesa.
Yangu ina njaa yake.

Basi nikakasirika, nikaipa moja nukta nne.
Ilikimbia! Kwa muda wa chai kupoa ilikimbia,
na joto likapanda: themanini na nane, tisini na tatu,
tisini na nane,
vumbi likaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa.
Nikaizima kwa kidole kinachotetemeka.

Novemba nilimpeleka mama kliniki
wakapime kile kidude kilichoshonwa chini ya mtulinga wake.
Fundi alikuwa binti mwenye kucha fupi.
Akamwekea kisahani kifuani, akatazama mistari,
akaanza kushusha.
Kushusha, mimi nikidhani atapandisha.
Mbili na nusu. Mbili. Moja na nusu. Moja.
Kwenye nukta saba tano mama akanikamata mkono:
"Kama kuteremka ngazi, na kidato kimoja hakipo."
Binti akarudisha upesi, akaandika.
"Hapo ndipo moyo wako unapoacha kutusikia.
Sasa tutapanda juu yake, maradufu,
kwa ajili ya siku utakayokuwa umechoka."
"Mngeweka kubwa kabisa, tukaishe."
"Betri, mama Piroska. Unataka miaka mitatu au kumi?"
Mama alifikiri kweli, muda mrefu,
kisha akasema kumi, kama anayeagiza mayai.

Moja nukta mbili sita: dakika hamsini na moja. Buluu.
Moja nukta mbili saba: saa nzima, na nyingine,
hesabu zote sawa, joto themanini na moja.
Nikaongeza milivolti kumi
ambazo haikuziomba.
Kwa ajili ya Julai,
kwa ajili ya vumbi, na gundi ya kupozea itakapokauka.
Szilárd atacheka.

Ukuta wa pili kitanda kikalia.
"Funga dirisha," mama akaita,
"au unaupasha moto mtaa?"

Nikalifunga.
Nikakaa macho kwenye namba:
themanini na tatu.
Themanini na tano.
Themanini na sita.

Themanini na sita.