Jingine Lipo Saa Ngapi

Jumatano, saa moja usiku, Chiatura,
chumba cha abiria, kituo cha chini.
Jiko la kuni linapumua kwa shida.
Kampuni imenipa wanafunzi watatu
na kitabu kimoja: jaladani basi jekundu la ghorofa mbili
na bwana mwenye mwavuli
anayetabasamu kana kwamba hajawahi kudaiwa.

"Watalii wanakuja," kampuni ilisema.
"Wafundishe kuwasemesha."

Sura ya kwanza: vyombo vya usafiri.
Basi, treni, meli, ndege, baiskeli.
Gocha anafuata kila picha kwa kidole
kilichotiwa na manganizi weusi usiosikia sabuni,
anafika mwisho wa ukurasa, anageuza, anarudi.
"Letu liko wapi?"

Gari letu la waya halimo.
Tangu babu yake Gocha linavuka korongo, juu ya mto Kvirila,
limebeba wachimbaji, maharusi,
jeneza moja lililobidi kusimamishwa wima,
na Mwingereza hakulichora.
Tukalichora wenyewe, pambizoni, kwa penseli:
kisanduku, na mstari.

Sura ya pili: maamkizi.
U hali gani? Fain.
Murman, ambaye mkewe amelazwa Kutaisi tangu majani yapukutike,
akauliza: "Na kama si fain?"
Nikatazama kitabu. Nikatazama jiko.
Nikamwambia jibu ni sijambo,
hata uwe na jambo.
"Fain," akasema Murman kwa utiifu.
Akaisema tena njiani, nilimsikia,
akiipiga teke kama kopo tupu
mpaka darajani.

Sura ya tatu: hisia.
Nyuso nane za duara, kama vifungo vya koti:
furaha, hasira, woga, aibu, na nyingine
ambayo mchoraji mwenyewe hakuwa na hakika nayo.
Tsiala, mwendeshaji, miaka sitini na mmoja,
hakuweka kidole popote.
"Kuna ile," alisema, "umeme ukikatika,
mko katikati, wewe na abiria usiyemjua,
upepo unawabembeza, chini hakuna kitu,
na mnaanza kugawana mkate.
Ile inaitwaje?"

Sikujua. Bado sijui.

Halafu zoezi la nne. Neno misi.
Ai misi, ukilikosa basi.
Ai misi, mtu akiwa mbali na moyo haukai.
"Neno lile lile?"
"Lile lile."
"Kumbe Mwingereza hulililia basi kama mkewe!" Gocha akacheka.
Tsiala alicheka pia, kisha akaacha,
kama mashine inavyoacha:
kwanza mlio, baadaye mtikisiko.

Miaka ishirini na saba Nanuli alikuwa kituo cha juu,
yeye chini. Kazini hawakuonana hata siku moja.
Kengele moja: tayari. Mbili: ondoa.
Tatu haikuwamo kwenye kanuni.
Tatu ilikuwa umeamkaje, mimi nipo.
Sasa huko juu kuna kompyuta,
na Nanuli yuko Cork kwa bintiye, analea mapacha
wasiojua Kigeorgia ila neno la mkate.

Kazi ya nyumbani: postikadi, sentensi mbili.
Tsiala aliandika kwa herufi kubwa,
mwandiko wa mtu aliyezoea daftari la zamu:

NAKUKOSA. JINGINE LIPO SAA NGAPI?

Sentensi ya pili ni ya basi. Iko ukurasa wa kumi na mbili,
anaisema yule bwana wa mwavuli, amelowa.
Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu.
Jiko likakohoa. Nje, gari la mwisho lilishuka tupu,
taa yake ikiwaka kwa ajili ya nani sijui.

Nikampa tisa juu ya kumi:
alisahau kuandika jina la mtaa.