Skrubu Iliyobaki

Imekufa, alisema fundi Ntahondi pale Mwanga sokoni,
na hata kuifungua hajaifungua.
Aliitikisa sikioni kama anayechagua nazi,
akairudisha juu ya meza: mama, mota hii imekufa,
nunua mpya, zipo za elfu sitini na tano,
zinakuja na kisu cha nyama.

Neno hilo kwetu lilishaingia mara moja mwaka huu
na likaondoka na mtu.
Nikalipa mia tano ya kutikisiwa,
nikaifunga blenda kwa khanga, mgongoni kama mwana,
nikarudi Gungu kwa miguu.

Jioni nikatandika mkeka ukumbini.
Nikachomoa waya ukutani, nikaenda kutazama tena kama nimechomoa:
kwa mwoga wa umeme huenda kicheko.
Koleo langu limevunjika jino,
bisibisi ni kisu cha mezani nilichokichonga ncha jiweni.
Skrubu nne zilitoka bila maneno.
Ya tano ilijificha chini ya mguu wa mpira,
imeliwa na kutu ya miaka ya juisi ya pesheni,
ikanitoa jasho na tusi moja
ambalo Bukuru alijifanya hakulisikia.

Ndani:
vumbi la karanga,
mbegu ya pilipili, kavu, bado nyekundu,
mende aliyekufa (yeye kweli),
na harufu ya mawese, sijui iliingiaje.
Nyuzi za shaba zimejiviringa, zote nzima,
kama nywele zilizosukwa jana.
Hakuna kilichoungua.
Ila kulia na kushoto, vijiti viwili vya kaboni
vimelika vikabaki kama ukucha wa mtoto,
havifiki tena pale vinapotakiwa kugusa.

Basi. Mota haikufa.
Imekosa kuguswa tu.

Bukuru akauliza kaboni inauzwa wapi.
Nikamtuma uvunguni.
Kule kuna ndoo ya betri za tochi za baba yake,
za usiku wa dagaa, zilizokwisha moto,
hakuwahi kutupa hata moja.
Zitafaa, alikuwa akisema,
nami miaka tisa niligombana na ndoo ile
kila nilipofagia.

Nikaipasua moja kwa koleo lisilo na jino.
Unga mweusi ukamwagika mkekani,
ukapanda mikononi, ukafika kwenye paji la uso la Bukuru,
na katikati yake kijiti kimesimama wima,
kama uboho ndani ya mfupa.

Tukakisugua kwenye kizingiti cha saruji, kwa zamu,
pande nne, maana kijiti ni cha mviringo
na tundu lake ni la mraba.
Tunapima, hakiingii, tunasugua.
Kimoja kikakatika. Tukapasua betri nyingine.
Adhana ya isha ilitukuta tunasugua.
Mpaka leo kizingiti kina mistari miwili myeusi,
wageni huikanyaga wakidhani ni masizi.

Nikaiwasha mwenyewe, kwa mpini wa mwiko,
Bukuru nimemsimamisha mlangoni.
Cheche ya buluu. Harufu ya nywele zilizobabuka.
Halafu mlio,
si ule wa zamani, huu una mkwaruzo,
kama mtu aliyeamshwa usingizini akadaiwa deni.
Mama Sendwe akagonga ukuta.
Tukasaga karanga za kisamvu saa nne za usiku
na kisamvu chenyewe hatuna.

Asubuhi nikaona skrubu moja kwenye kifuniko cha chupa.
Tano zilitoka, tano zilirudi, tulihesabu kwa sauti,
hii ya sita imetoka wapi?
Bukuru anataka tufungue tena.

Nimeiweka uvunguni, ndani ya ndoo,
juu ya betri zilizobaki.
Itafaa.