Haja Ndogo

Aliyeiita ndogo hakuwahi kuvaa sare hii
akabana mapaja kutoka Barabara ya Hessle hadi Anlaby,
nyumba tisa kwa asubuhi moja,
dakika kumi na tano kila mzee,
na dakika za mhudumu mwenyewe
hazimo kwenye ratiba ya simu.
Tangu alfajiri nimewashika mkono watu saba kwenda chooni.
Mimi sijaketi.
Maji sinywi: nikinywa, yatataka njia.

Jumatano yakaitaka bila kunywewa.
Matone matatu, kila tone kiberiti.
Nikatoka, nikarudi, nikatoka, nikarudi,
kama mtu aliyesahau ufunguo
na hakumbuki mlango ni upi.

Duka la dawa liko nyuma ya kibanda cha simu,
kile cha rangi ya maziwa, wenyeji wa Hull hujivunia.
Mfamasia kijana, Harjit kwenye beji,
akanifungia ndani ya kachumba kama kabati.
Una homa? Ubavu unauma? Una mimba?
Umeona damu?
Nikatafuta neno la staha.
Lugha yangu ina mapazia mengi:
haja, kujisaidia, kule, sehemu zile.
Yeye alilitaja jambo lenyewe
kama mtu anayeulizia sukari ya chai.
Basi nami nikataja.
Dari halikuanguka.

Vidonge sita, nusu buluu nusu manjano.
Kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula,
siku tatu.
Mkojo ukiwa kahawia usishtuke.
Ukitetemeka kwa homa, usingoje kesho.

Ijumaa mchana moto umezimika,
vimebaki viwili.
Na Mwanaidi, dada yangu, kutoka Morogoro:
"Kama umepona niwekee hivyo, Semeni yupo anakuja.
Nami kunachoma wiki ya pili."

Namwelewa.
Kwetu vidonge tulinunua kwa hesabu ya sarafu,
vinne ukiwa na hela ya vinne,
na maumivu yakipungua, vilivyosalia
vilikaa kwenye kopo la vifungo na nyuzi.
Nimelelewa na kopo hilo,
akiba ya watu waliopona nusu.

Lakini nimemwona Bi. Doreen.
Vuli iliyopita aliniita kwa jina la dada yake marehemu,
akalikunja pazia mapajani akilibembeleza.
Wanawe wakasema ni uzee.
Ulikuwa mkojo.
Dawa ya kwanza, vijidudu vikaitazama tu.
Ya pili, vivyo hivyo.
Ya tatu ilipitia sindano, hospitalini, siku kumi na moja.
"Vimeshazoea," nesi aliniambia,
"kama jirani wa reli anavyozoea treni."
Nani alivifundisha, hakusema.
Nililiwaza lile kopo.

Kituoni, mvua ya ubavuni,
nikatafuna mkate baridi, nikameza cha tano.
Nikamwandikia Mwanaidi: Nenda ukapimwe.
Nauli na pesa ya kipimo nimetuma.
Alama mbili za buluu.
Kimya.
Dada yangu akinuna, hununa vizuri.

Jumamosi, cha sita kilishuka na uji.
Saa nne nipo kwa Bi. Doreen,
nimemvalisha soksi, nimempa chai.
Nikasema: Naomba choo.
Akaweka kikombe chini.
"Mwaka wa pili huu unaingia humu," akasema,
"nilishaamini wewe huna kibofu."

Nikaketi kwenye kile kiti chake kirefu chenye mikono
nilichokisugua mara mia bila kukijua.
Hakikuchoma.
Nikafungua bomba, nikanywa bilauri nzima, nikaongeza nyingine.
Mfukoni simu ikatetemeka: umechelewa dakika nne.

Nikaiacha itetemeke.