Acha Pengo

Mama alidhani nimeajiriwa kushona.
Aliona kanyagio chini ya meza, akacheka:
"Kumbe huu mguu ni wangu."
Lakini cherehani yake yaenda mbele tu.
Kanyagio langu, nikiligusa kwa kisigino, larudi nyuma,
lamrudisha daktari wa Minnesota sekunde tatu
aseme upya alichokwisha kusema
huku anatafuna tufaha.

Ndio mwaka ule kiwanda cha nyuzi kilipofunga lango
na nusu ya mtaa wetu, hapa Coimbatore,
ikajifunza kuamka bila king'ora.
Mtihani wa kuingia nilifeli. Nikarudi, nikafeli.
Kamusi ya tiba niliinunua kwa muuza vitabu chakavu:
haikuwa na jalada, wala kurasa za herufi A,
hivyo maradhi yote ya A niliyajua kwa sikio tu.

Bi Parimala alitupokea wanane, akabaki na watatu.
"Koma ikipotea, robo alama.
Dawa ikikosewa, chukua mkoba wako.
Na usilolisikia, Thenmozhi, usilibuni.
Acha pengo.
Pengo halijaua mtu."

Tulilipwa kwa mstari, herufi sitini na tano mstari,
nafasi tupu nazo zikihesabiwa, huruma ndogo.
Usiku wa kwanza: mistari themanini na miwili.
Nauli ikala, chai ikala,
mimi nikabaki na maneno,
wengu, kongosho, kiwambo cha moyo,
nikiyatafuna njiani alfajiri
kati ya wauza asumini na ndoo zao.

Kulikuwa na mzee mmoja.
Jina lilifutwa; namba yake iliishia nne, moja, saba.
Kila miezi mitatu alinijia masikioni:
vifundo vya miguu vimevimba, vimepungua, vimevimba.
Mbwa wake alipokufa nilijua,
daktari alilipachika hilo kati ya shinikizo la damu na dozi.
Niliuliza kama niliandike.
Parimala akavaa vipokea sauti vyangu, akasikiliza, akanyamaza.
"Limesemwa. Liandike."
Kisha, katika mwezi wa theluji ya kwao, faili fupi.
Dakika mbili. Saa ya kufariki, nukta.
Mistari kumi na mmoja.
Nililipwa.

Mwaka wa tisa kalamu nyekundu ikawa yangu.
Wa kumi na mbili, ikaja mashine inayosikia yenyewe.
Viti ishirini vikafunikwa nailoni.
Mimi nilibakizwa niisahihishe,
na sitaisingizia: haichoki, haikohoi,
haiombi ruhusa ya kwenda harusini.
Ila pengo haijui kuliacha.
Isiposikia, hubuni,
tena kwa tahajia safi kabisa.

Mwaka jana mama alishindwa kutunga uzi kwenye sindano.
Mtoto wa jicho, wakasema.
Hospitalini fomu ilikuwa imeshachapwa, imegongwa muhuri,
mama kavaa kofia ya karatasi,
mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kupigwa picha.
Nikaisoma fomu jinsi nisomavyo kila kitu,
kwa kisigino, nikirudi nyuma.
*Kushoto*, ilisema.
"Dada," nilimwambia muuguzi, "ni la kulia."
Lile ambalo machozi yalianzia
siku walipofunga lango la kiwanda.

Muuguzi alinitazama, akaitazama fomu,
akalifuta neno kwa wino mweupe
na hakuandika kitu juu yake
mpaka daktari aje kuona mwenyewe.
Nikamtazama yule binti. Nani alimfundisha?

"Wangekulipa ngapi," mama aliuliza,
"kwa neno hilo moja?"

Hakuna, mama.
Halitimizi mstari.